Fasihi ya Wamarekani Weusi Haikuanzia Harlem

Kila muhula nasahihisha insha zenye sentensi ileile: "Wamarekani weusi walianza kuandika wakati wa Mwamko wa Harlem, miaka ya 1920." Mwamko huo ulikuwa wimbi la waandishi na wasanii weusi katika mtaa wa Harlem, New York. Lakini sentensi hiyo si kweli, na inaniudhi, kwa sababu inafuta kazi ya miaka 150.

Phillis Wheatley alichukuliwa Afrika Magharibi angali mtoto, akauzwa utumwani Boston mwaka 1761. Diwani yake ilitoka mwaka 1773, tena London, maana Boston haikupata wa kuichapa. Kitabu kilitanguliwa na tamko la wakubwa wa mji, gavana akiwemo, kwamba mashairi ni yake kweli. Binti mweusi hakuaminiwa kutunga mpaka aletewe mashahidi! Frederick Douglass akatoa simulizi ya maisha yake mwaka 1845, William Wells Brown riwaya yake ya Clotel mwaka 1853, Harriet Jacobs akafuata na simulizi yake ya utumwani mwaka 1861. Charles Chesnutt na Paul Laurence Dunbar walikuwa na wasomaji kabla karne ya 19 haijaisha. W. E. B. Du Bois alichapa kitabu chake cha insha, The Souls of Black Folk, mwaka 1903.

Harlem ilileta kitu kingine: watu waliohama Kusini kwa wingi, majarida kama The Crisis na Opportunity, wachapishaji wa New York waliokuwa tayari kulipa, na waandishi waliokutana na kubishana ana kwa ana. Claude McKay alitoka Jamaika, Zora Neale Hurston alikulia Florida. Langston Hughes tunamkumbuka zaidi huku kwetu, pengine kwa kuwa alifika Makerere mwaka 1962 kwenye mkutano wa waandishi, lakini usianze naye. Anza na Douglass. Kitabu ni kifupi, jioni mbili zinatosha.

Wapo pia wanaodai fasihi ya Marekani ilizaliwa na uhuru wa 1776. Mashairi ya Anne Bradstreet, mkazi wa koloni la Massachusetts, yalichapwa mwaka 1650, na kabla yake wenyeji wa bara lile walikuwa na nyimbo na masimulizi yao. Sisi tuliolelewa na ngano hatuna udhuru wa kulisahau hilo.

Na miaka ya vipindi vya fasihi iandikwe kwa penseli. Moby-Dick, riwaya ya Herman Melville ya 1851, ilidoda sokoni, ikaja kutukuzwa miaka ya 1920. Emily Dickinson alitunga mashairi karibu 1,800, akafariki mwaka 1886 yakiwa yamechapwa machache mno; kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1890. Kila kazi iandikieni miaka miwili, wa kutungwa na wa kuchapwa, ndipo mniambie ni ya kipindi gani.