Viu sio kopi jamani

Mwezi huu pekee, mfumo wa nje ukitaka kusoma data za databesi yetu, nimeambiwa mara ya tatu: "Kaka wewe wape tu viu (view), ile si kopi, hata wakiivuta kutwa nzima mfumo wetu hauguswi." Unaguswa. Viu ya kawaida haina data ndani yake hata mstari mmoja, ni kwiri, yaani swali linaloulizwa databesi, iliyopewa jina ikatunzwa, na kila mtu akiisoma databesi inarudi kwenye tebo zenyewe (majedwali yanayotunza data), inaunganisha, inajumlisha, ndo inatoa jibu. Ni dirisha. Anayechungulia anaona kilichomo saa hiyo hiyo, na huo ndo uzuri wake maana hakuna kusubiri mtu atume faili la Excel, lakini kazi yote inafanyika kwako, kwenye seva yako.

Msimu wa mahindi uliopita niliitwa ghala moja kule Kibaigwa, nakuta Fuso zimepanga foleni mpaka nje ya geti, kijana wa mizani anabonyeza kuhifadhi uzito afu kiduara kinazunguka weee, dereva anagonga kioo. Wameshabadilisha waya za mtandao, wameshazima na kuwasha seva mara mbili, na bosi anauliza bei ya seva mpya. Nikafungua orodha ya kwiri zinazokimbia, nikakuta 9 zinafanana kabisa, zote za mfumo wa uhasibu wa ofisi yao ya Dodoma mjini, umepewa viu inayojumlisha kilo za kila mkulima tangu siku mfumo ulipoanza, na umeseti kuivuta kila dakika 1, ya kwanza haijamaliza ya pili imeingia. Hazikuzuia mizani kuandika, ila zimekula prosesa na diski yote, mizani inaambulia makombo. Tukaibana viu kwenye msimu huu tu, tukaweka indeksi kwenye tarehe (kama faharasa ya kitabu, databesi itafute haraka), uhasibu ukawa unavuta kila dakika 15 tena yale yaliyobadilika peke yake. Seva mpya hawakununua.

Kama unataka kopi kweli sema unataka kopi. Kwa programu za databesi, PostgreSQL ina viu zinazohifadhi majibu tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, ila hazijisasishi zenyewe, lazima uziamuru, ukisahau mhasibu anasoma kilo za juzi akidhani ni za leo. MySQL ya kawaida haina hiyo kitu, utatengeneza tebo ya muhtasari mwenyewe. Mimi nikipewa uchaguzi naweka riplika, yaani databesi pacha kwenye seva nyingine inayojisasisha kutoka ile kuu, watu wa nje wasome huko, mizani iachwe ipime.

Eti viu ni ya kusoma tu? Viu nyepesi ya tebo moja inakubali kuandikiwa, kwenye MySQL na PostgreSQL zote, kama akaunti ina ruhusa. Kwahiyo mpe ruhusa ya kusoma, basi.

Na wale wa "tebo ikibadilika viu inajirekebisha", hapana wakuu. Safu (kolamu) mpya haitokei kwenye viu ya zamani hata kama uliandika nyota (*, maana yake "leta safu zote"), na kwenye MySQL ukifuta safu inayotumika databesi inakubali kimya kimya, viu inakufa siku mtu akiisoma, mara nyingi ni tarehe ya kufunga mwezi. Andika majina ya safu moja moja, na kila mfumo wa nje uwe na viu yake, sio wote wachangie moja.

La mwisho linanikera karibu sawa na lile la kopi: "tumeshaficha namba za simu kwenye viu, tuko salama." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 1, 2023, hizo namba za NIDA na simu za wakulima zinakuhusu, na viu haifichi chochote kama akaunti ile ile inafika kwenye tebo. Ingia leo kwa akaunti uliyowapa watu wa nje ujaribu kusoma tebo ya wakulima moja kwa moja. Ikikuletea majina, futa ruhusa hiyo kabla hujatoka ofisini.