Maji ya kiyoyozi: yanatoka wapi, na yapitie wapi

Kiyoyozi cha ukutani hakitumii maji wala hakiyatengenezi. Kinayatoa hewani. Ndani ya kile kisanduku cha chumbani kuna koili ya shaba iliyozungukwa na vibati vyembamba vya alumini, na gesi inayopita humo huipoza, mara nyingi hadi kati ya nyuzi 5 na 12. Hewa ya chumba ikiigusa, mvuke uliomo hugeuka matone, sawa na jasho la chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Matone huteremka hadi kwenye trei iliyo chini ya koili, na kutoka hapo huingia kwenye paipu ya kuyapeleka nje.

Chukua chumba cha Entebbe chenye joto la nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 70. Hewa hiyo huanza kuacha maji ikishapozwa hadi nyuzi 21 hivi, na kiwango hicho huitwa kiwango cha umande. Kila mita moja ya ujazo imebeba karibu gramu 18 za mvuke, lakini ikifika nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na ushei. Zinazobaki lazima zidondoke. Ndiyo maana mashine ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ambayo ndiyo ya kawaida chumbani, inaweza kutoa lita moja hadi moja na nusu kwa saa wakati hewa ina unyevu mwingi. Ikifanya kazi saa nane, hiyo ni karibu nusu ya jerikeni la lita 20, au zaidi kidogo. Mashine hiyohiyo ikiwa Moroto mwezi wa Januari, hewa ikiwa kavu, huenda isitoe karibu chochote. Huko paipu kavu si ugonjwa.

Kwa hiyo maji yanayodondoka nje ni dalili kwamba mashine inafanya kazi. Yakidondoka ndani, mara nyingi njia yake ndiyo mbovu, na kabla ya kukubali kulipia gesi mpya, mwambie fundi akague njia hiyo kwanza.

Paipu ya kiyoyozi cha ukutani haisukumwi na kitu. Maji hushuka kwa uzito wake tu, hivyo kila mita ya paipu ishuke angalau sentimita moja. Kosa huanzia ukutani: tundu la kupitisha mabomba, lenye upana wa milimita 65 hivi, likichimbwa bapa au likiinamia ndani, paipu hupanda kidogo kabla ya kushuka, na maji hubaki kwenye trei. Tundu liinamie nje kwa milimita 5 hadi 10. Ndani ya tundu, paipu ya maji ilale chini ya mabomba ya shaba, isibanwe juu yake. Kile kisanduku chenyewe kipimwe kwa pima maji. Kikiinuka upande ule wenye tundu la kutolea maji, trei hufurika upande wa pili, na hapo utaona mchirizi ukutani.

Ile paipu laini yenye mikunjo inayokuja na mashine inafaa kwa kipande kifupi tu. Ikiachwa ining'inie inafanya tumbo, tumbo linajaa maji na uchafu, na hewa iliyonaswa inazuia mengine yasipite. Kwa masafa marefu tumia PVC ya robo tatu ya inchi au inchi moja. Mashine kadhaa zikiunganishwa kwenye paipu moja, iongezwe upana hadi inchi moja na robo. Sehemu inayopita chumbani au juu ya dari ivikwe sponji ya paipu, kwa kuwa maji yaliyomo ni baridi na paipu nayo hutoka jasho. Madoa mengi ya kahawia kwenye dari za jipsamu huanzia hapo, bila tundu lolote kuvuja.

Mwisho wa paipu ubaki wazi, sentimita 5 au zaidi juu ya ardhi. Ukiutumbukiza ndani ya ndoo, maji ya ndoo yakipanda yataufunika na hewa itakwama ndani. Usiuunganishe moja kwa moja na bomba la choo pia. Pakiwa na ulazima, weka kona ya kushika maji ili harufu isirudi chumbani, na ukumbuke kwamba mashine isipotumika kwa wiki kadhaa maji ya kona hiyo hukauka. Kona moja inatosha. Zikiwa mbili, hewa hukwama katikati yake.

Kabla ya fundi kuondoka, mimina lita moja ya maji polepole kwenye trei na uangalie nje. Yakikawia kutoka, kazi haijaisha.

Baada ya miezi, kinachoziba ni ute: vumbi na vijidudu vinavyoota kwenye unyevu. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya murram, chujio la hewa la mashine lioshwe kila baada ya wiki mbili. Ute huo huvutwa kwa mashine ya kufyonza inayomudu maji, ikishikizwa kwenye ncha ya nje kwa dakika moja au mbili, kisha paipu isafishwe kwa maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo. Jiki usiitumie, kwani hula alumini. Nyigu wa udongo nao hupenda kujenga ndani ya ncha ya paipu. Wavu wa matundu makubwa huwazuia, ila wavu mwembamba wenyewe huziba kwa ute.

Kuna uvujaji mwingine usiohusu paipu. Chujio likiwa chafu sana, au gesi ikipungua, koili hushuka chini ya nyuzi 0 na kuganda barafu. Mashine ikizimwa, barafu yote huyeyuka kwa pamoja na trei inazidiwa. Ukiona maji yanamwagika baada ya kuzima, si wakati inapofanya kazi, anza na chujio. Likiwa safi na barafu ikarudi, hapo ndipo fundi wa gesi anahitajika.

Kaseti za dari, yaani vile viyoyozi vya darini vya maofisini na hotelini, zina pampu ndogo inayoinua maji sentimita 70 hivi au zaidi, pamoja na swichi ya boya inayozima upozaji maji yakijaa. Mafundi wengine huiruka swichi hiyo kwa waya ili mteja asilalamike. Dari hulipia.

Video za Marekani na Kanada huzungumzia kuyapitisha maji kwenye chombo cha vipande vya chokaa. Hayo ni ya tanuri za gesi za kupasha nyumba joto, ambazo hupoza moshi hadi mvuke wake ugeuke maji yenye asidi, pH 3 hadi 5. Maji ya kiyoyozi hayana asidi ya namna hiyo, basi chombo hicho huku ni gharama ya bure.

Maji haya yanafaa kwa maua na kudekia. Yasinywewe, maana yamepita kwenye vumbi na ute, na kwa sababu hiyohiyo yasiwekwe kwenye betri ya sola. Yakikingwa kwenye ndoo, imwagwe angalau mara mbili kwa wiki, kabla viluwiluwi vya mbu havijakomaa.