Nodi nyingi hazilainishi mstari, jamani

Kabla sijaambiwa tena naogopa mabadiliko, tuelewane. Apdeti ya juzi imebadilisha kalamu kwenye programu yangu ya vekta, yaani ya kuchora kwa mistari ya hesabu, sasa unakliki kuweka nodi (pointi ambazo mstari unapitia), unakliki tena, mkunjo unajichora wenyewe na vishikio, vile vijiti vya kuvutia mkunjo, vimefichwa. Nikilalamika jibu ni lilelile, "si uongeze tu nodi, mstari utakuwa laini." Hapana bwana! Na leo kanijibu hivyo dizaina anayefundisha wenzake, nikasema basi, naandika.

Mkunjo wa Bézier tunaotumia kila siku unashikiliwa na vitu vinne tu, nodi mbili miishoni na vishikio viwili. Paul de Casteljau alianza kuupigia hesabu kule Citroën mwaka 1959, Pierre Bézier akaufanya ujulikane akiwa Renault, wote wawili shida yao ilikuwa bodi za magari. Kati ya nodi na nodi mambo huwa shwari, ukiacha vishikio vilivyovutwa ovyo. Balaa liko kwenye maungio, pale vipande viwili vinapokutana kwenye nodi, kwa hiyo kila nodi unayoongeza ni sehemu nyingine ya kuharibu.

Chukua herufi S. Kwa kalamu ya zamani naweka nodi mwanzo na mwisho, halafu pale mstari unapofika juu kabisa, kushoto kabisa, kulia kabisa, chini kabisa, vishikio vimelala au vimesimama wima, kazi imeisha. Hii mpya inakisia vishikio kwa kuangalia nodi za jirani, yaani ukisogeza nodi ya tumbo la juu kidogo tu, tumbo la chini nalo linahama, na wewe hujaligusa! Mtu anaweka nodi ya kulizuia, hiyo nayo inavuta pengine, anaweka nyingine, mwisho S ina vinundu mgongo mzima. Kwenye skrini huvioni, ila peleka kwenye mashine ya kukata stika usikie kisu kinavyosita sita.

Halafu kuna hii ya "nodi laini", ndiyo inayonichosha kuliko zote. Programu ikiita nodi laini inamaanisha vishikio vyake viwili vimenyooka kwenye mstari mmoja, basi. Mwelekeo haukatiki, sawa, lakini ukali wa mkunjo unaweza kuruka ghafla, upande mmoja umekaza upande mwingine umelegea, na jicho linaona mstari umejikwaa japo hakuna kona. Kwenye programu yangu hakuna kitufe cha kutibu hiyo, unavuta vishikio kwa mkono mpaka pakae, na ndivyo hivyohivyo walivyovificha.

Sasa, imani hii ya kuongeza nodi ina nusu ukweli. Duara tunalochora kwa nodi nne sio duara kamili, vishikio vina urefu wa kama 0.5523 ya nusu kipenyo na linakosea kwa chini ya asilimia 0.03, ukigawa kwa nodi nane linakaribia zaidi. Ila hapo nodi zimewekwa na hesabu, sio na mkono wako. Na ile kanuni ya nodi juu, chini, kushoto, kulia, kwenye herufi za mlazo mimi naivunja mara nyingi tu, naenda kwa jicho, na ukiniuliza nimejuaje sina fomula ya kukupa.

Kama bado unabisha, fungua kazi yako, futa nodi moja, rekebisha vishikio vilivyobaki. Umbo likikaa vilevile, futa na inayofuata.