Taka za jijini hazitamaliza mgao wa umeme

Kila umeme unapokatika Dar, hakosi mtu wa kusema: "Si tuna taka kibao kule Pugu? Zichomwe, tupate umeme!" Hesabu inakataa.

Tazama Addis Ababa. Mwaka 2018 Ethiopia ilizindua Reppie, kiwanda cha kuzalisha umeme kwa kuchoma taka, kando ya dampo la Koshe, ambako mwaka mmoja kabla mlima wa taka uliporomoka na kuua zaidi ya watu 100. Kilijengwa kichome takriban tani 1,400 kwa siku na kuzalisha megawati 25 hivi. Bwawa la Julius Nyerere, pale Rufiji, lina uwezo wa megawati 2,115. Yaani zingehitajika Reppie zaidi ya 80, na taka za kuzilisha sijui zitoke wapi.

Halafu kuna maji. Fungua mfuko wa taka wa nyumba yoyote ya Dar: maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, matikiti yanayochuruzika. Moto hupoteza joto jingi kuyakausha kwanza. Chupa za plastiki, ambazo zingewaka vizuri, waokota taka wameshaziuza.

Watu hutaja Uswidi, inayoagiza taka kutoka nje. Lakini huko kinachovunwa zaidi ni joto: maji moto hupitishwa kwenye mabomba kupasha nyumba msimu wa baridi. Joto hilo Tandika utamuuzia nani?

Kiwanda cha kuchoma taka kihesabiwe kuwa huduma ya usafi inayolipiwa na jiji, umeme ukiwa nyongeza. Maganda ya ndizi yapelekwe kwenye mboji au biogesi.