Uigaji wa kompyuta ni nini?

Uigaji ni kazi ya programu inayojifanya kompyuta nyingine. Programu hiyo, kiigaji au emuleta kama wengi wanavyoiita, husoma amri zilizoandikiwa prosesa (chipu inayotekeleza amri za kompyuta) isiyokuwepo, kisha huzitekeleza moja baada ya nyingine kwa prosesa iliyopo. Ndiyo inayowezesha mfumo endeshi wa leo kuwaka kwenye chipu ya zamani ambayo haikuumbiwa kazi hiyo.

Prosesa ya Intel 4004 ilitoka mwaka 1971, na ilibuniwa kwa ajili ya kikokotoo. Hushughulikia biti 4 tu, yaani tarakimu nne za 0 au 1, kwa mara moja. Linux, mfumo endeshi wa leo, hutaka prosesa ya biti 32 au 64. Hata hivyo, mwaka 2024 mhandisi Dmitry Grinberg aliwasha Linux kwenye 4004 kwa kuandika kiigaji cha MIPS, prosesa ya biti 32. Linux yenyewe hutenda kana kwamba iko ndani ya MIPS halisi. Kuwaka kulichukua karibu siku 5.

Siku zote hizo zinakwenda wapi? Chukua amri moja ya kujumlisha namba mbili za biti 32. MIPS huimaliza kwa hatua moja. Kiigaji kwanza kiifuate amri kwenye kumbukumbu, kiitambue ni amri gani, kitafute namba zenyewe ziko wapi. Ndipo 4004 ianze kujumlisha: kila namba imekatwa vipande 8, inaanza na cha kulia, inabeba kinachozidi, inahamia cha pili, vile vile tunavyojumlisha kwa kalamu. Tena chipu hii haina amri za mantiki, zile za “na” na “au”, kwa hiyo hata hizo lazima zitungwe kwa amri nyingine. Mimi hapa ndipo ninapoiheshimu hesabu: chipu dhaifu hufika jibu lile lile, ila kwa hatua nyingi zaidi.

Uigaji usichanganywe na mashine pepe, kompyuta ya programu tu ndani ya kompyuta halisi, ambayo kwa kawaida huacha prosesa iliyopo itekeleze amri yenyewe moja kwa moja.

Kasi hulipwa kwa subira, lakini kumbukumbu haina mbadala huo. Mwaka 2012 Grinberg huyo huyo aliwasha Linux kwenye chipu ya biti 8, ATmega1284P, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16. Ilimbidi aiunganishie kadi ya zamani ya kumbukumbu (RAM) yenye megabaiti 16, la sivyo Linux isingekuwa na pa kukaa.