Monte Cristo hakuwashinda adui zake kwa upanga

Nilianza na filamu, kama wengi wetu. Ile ya mwaka 2002, Jim Caviezel akiwa Edmond Dantès, baharia kijana anayefungwa kwa hila kisha anarudi akiwa tajiri aitwaye Monte Cristo ili alipize kisasi, na Guy Pearce akiwa Fernand Mondego, mmoja wa waliomsaliti, panga zikigongana hadi karibu na mwisho. Riwaya yenyewe ya Alexandre Dumas niliisoma baadaye, na tangu hapo huniuma kusikia mtu akiisimulia riwaya kwa mambo aliyoyaona kwenye filamu.

Dhana: Ni hadithi ya mapigano ya panga

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Riwaya ina sura 117, na katika hizo zote Dantès hapigani kwa upanga na hata mmoja wa watu waliomtia gerezani.

Nafasi anaipata. Albert, mtoto wa Fernand, anamwita kwenye pambano la bastola, lakini asubuhi yenyewe kijana anaomba radhi mbele ya mashahidi. Ndipo Fernand anapokuja mwenyewe kudai wapigane. Dantès hashiki upanga. Anaingia chumba cha ndani, anavua mavazi ya kitajiri na kurudi amevaa nguo za baharia. Fernand anaiona sura ile, anajua ni nani, anarudi kinyumenyume akipapasa ukuta na kukimbilia kwake. Anafika mkewe na mwanawe wakiwa wanamhama. Kisha mlio wa bastola chumbani: amejiua. Sijawahi kusoma pambano linalotisha kama hili, na hakuna hata aliyempiga mwenzake.

Silaha za Dantès ni subira, fedha na siri za watu. Fernand alimsaliti Ali Pasha, mtawala wa Janina aliyekuwa akimtumikia, na kumuuza binti wa mtawala huyo, Haydée, utumwani. Miaka inapita, na ni Haydée huyo huyo anayesimama mbele ya baraza la wakubwa jijini Paris kutoa ushahidi. Danglars, mwenye benki, anaponzwa na tamaa: Dantès anamhonga mtumishi wa mnara wa kupitisha habari kwa ishara, habari ya uongo inafika Paris, na Danglars anauza kwa hofu na kwa hasara hati zake za mkopo wa serikali ya Hispania. Villefort, mwendesha mashtaka, anaumbuliwa mahakamani na mwanawe wa kumzaa, mtoto aliyemfukia bustanini akiwa mchanga akidhani amekwisha kufa.

Kwa nini basi filamu zinaleta panga? Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua kanuni: steringi hafi, na mwishoni lazima akutane na adui mkuu uso kwa uso. Subira ya miaka haionekani kwenye skrini, upanga unaonekana. Hata filamu ya Kifaransa ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Matthieu Delaporte na Alexandre de La Patellière, Pierre Niney akiwa Dantès, ina urefu wa karibu saa 3 na bado imemkutanisha Dantès na Fernand kwa panga. Siwalaumu. Ninachopinga ni kudhani kwamba Dumas ndiye aliyeandika hivyo.

Dhana: Kisasi kinamrudishia alichonyang'anywa

Katika filamu ya 2002 Albert anagundulika kuwa ni mtoto wa Dantès, Mercédès, mke wa Fernand aliyekuwa mchumba wa Dantès, anarudi kwa mpenzi wake huyo wa zamani, na familia imekamilika. Kwenye riwaya Albert ni mtoto wa Fernand, basi. Mercédès anarudi Marseille kuishi katika nyumba ndogo aliyowahi kukaa baba yake Dantès, yule mzee aliyekufa kwa njaa akimngoja mwanawe. Dantès anakwenda kumuaga, wanaachana. Anayeondoka naye baharini ni Haydée.

Ila kilichonikaa moyoni ni mtoto Édouard, mwana mdogo wa Villefort. Dantès alimpa mke wa Villefort maarifa ya sumu, akijua mwanamke yule ana tamaa ya urithi. Sumu ikaua watu nyumba nzima. Mwisho mama anajiua, na anamuua pia mwanawe mdogo. Dantès anafika kumwonyesha Villefort kwamba ndiye yule baharia wa zamani, na Villefort anamshika mkono, anampeleka kwenye maiti. Anamwambia: tazama, umeridhika? Dantès anambeba mtoto, anajaribu kumzindua, anashindwa. Villefort ameshapata wazimu, anachimba bustani akimtafuta mwanawe.

Hapo ndipo mtu aliyejiona ni mkono wa Mungu anapoanza kujiuliza nani alimpa ruhusa. Na kwa sababu hiyo Danglars, adui wa mwisho, anashindishwa njaa na majambazi wa Roma kisha anasamehewa na kuachwa hai, nywele zimekuwa nyeupe. Filamu ikimwondoa Édouard, msamaha huo unakosa mzizi.

Dhana: Jina lake ni "Hesabu ya Monte Cristo"

Nimekutana na tafsiri hii zaidi ya mara moja. Imetokana na Kiingereza, ambako neno la cheo hiki cha ukabaila linafanana na neno la kuhesabu. Kwa Kifaransa ni *comte*, na halihusiani na namba. Mimi ningesema Mwinyi wa Monte Cristo. Monte Cristo ni kisiwa, kipo kweli, upande wa Toscana nchini Italia.

Dhana: Dumas alibuni kila kitu

Alianzia kwenye kisa cha François Picaud, fundi viatu aliyeponzwa na marafiki wenye wivu, kilichosimuliwa katika kumbukumbu za Jacques Peuchet, mtunza nyaraka za polisi wa Paris. Gereza la Château d'If lipo hadi leo kwenye kisiwa mbele ya Marseille. Hata Faria, kasisi anayemsomesha Dantès gerezani, amechukua jina la kasisi wa kweli aliyezaliwa Goa mwaka 1756 na kujulikana Paris kwa kuwatia watu usingizi kwa maneno. Dumas alimfanya Mwitaliano. Katika kupanga visa alisaidiwa sana na Auguste Maquet, ambaye jina lake halikuwekwa kwenye jalada, jambo ambalo mimi naona ni dhuluma.

Dhana: Dumas hakuwa na damu ya Kiafrika

Bibi yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa mweusi katika koloni ambalo leo ni Haiti. Baba yake, Thomas-Alexandre, alizaliwa huko na akapanda hadi kuwa jenerali wa jeshi la Ufaransa. Akirudi kutoka Misri mwaka 1799, meli yake ililazimika kutia nanga Taranto, akakamatwa, akafungwa miaka 2 na kutoka akiwa na afya iliyoharibika. Alifariki Alexandre hajatimiza miaka 4. Nikisoma miaka 14 ya Dantès gerezani, humwona na jenerali yule.

Na mwaka 1843, mmoja tu kabla ya Monte Cristo kuanza kutoka gazetini, Dumas alichapisha *Georges*: chotara wa Mauritius aliyedharauliwa utotoni anarudi kisiwani kwao baada ya miaka mingi Ulaya, na anaishia kuongoza uasi wa watumwa. Hiyo ni Bahari ya Hindi, hii yetu. Ukimaliza Monte Cristo, itafute.