Mbuzi hapashwi joto na mahindi
Kila baridi ikiingia, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: mpe mbuzi mahindi mengi apate joto. Sivyo. Joto jingi hutoka kwenye nyasi kavu zinapochachuka tumboni. Mbuzi wa kilo 40 hula takribani kilo 1.5 za nyasi hizo kwa siku. Baridi ikizidi, ongeza nyasi kwanza. Mahindi mengi ya ghafla huzidisha asidi tumboni: mbuzi hugoma kula, huharisha, hata kufa. Watu hukosea kwa sababu nafaka hunenepesha, na mbuzi aliyekonda hufaidika nayo kweli, ikiongezwa kidogo kidogo kwa wiki 2. Kagua mwenyewe tumbo la mbuzi: bonyeza ngumi ubavuni mwake kushoto, chini ya kiuno. Tumbo lenye afya hujikunja mara 1 hadi 2 kwa dakika. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.